Darasa linaimba, lakini nani anasoma?

Pita karibu na darasa lolote la P1, darasa la kwanza la primary, asubuhi, iwe hapa Busia ya Uganda, iwe Tororo ama Iganga, utasikia ile kelele ambayo wazazi wanaipenda sana. Madam anagonga ubao na fimbo, watoto wote wanaitika kwa nguvu "ba! be! bi! bo! bu!", alafu wanaingia kwenye sentensi, "Baba ana baiskeli", wanairudia mara nne mara tano mpaka mabati yanalia, na mzazi amesimama pale dirishani anatingisha kichwa, ameridhika, pesa yake inafanya kazi. Mimi ni ticha wa madarasa ya chini, nimeishi ndani ya hiyo kelele muda mrefu, na naomba niseme tu wazi: hiyo kelele haikuambii kama mtoto anasoma. Mara nyingi ni watoto wachache wa mbele ndio wanaongoza, na hao wengine wote wanafuata nyuma kidogo kidogo, kama wageni kanisani ambao hawajui wimbo lakini hawataki kuonekana.

Ukitaka kujua ukweli sio kazi ngumu. Ita mtoto mmoja, usimwite yule wa mbele anayerusharusha mkono, ita wa kule nyuma karibu na mlango. Weka kidole katikati ya ile sentensi, kwenye "ana", muulize hapa pameandikwa nini. Wengi utawaona macho yanarudi mwanzo wa mstari, midomo inacheza, "baba... ana", akifika hapo ndio anakujibu. Huyo hajasoma, amehesabu maneno ya wimbo. Sasa funika ile picha ya baiskeli na uandike neno lenyewe peke yake mahali pengine kwenye ubao. Mmoja ataniambia "pikipiki". Mwingine "boda". Na kuna mmoja aliniambia "Madam, picha umeificha sasa nisome nini?" na mimi nikacheka, lakini jamani huyo mtoto alikua amenieleza shida nzima ya elimu yetu ya chini kwa sentensi moja, wala hakua mjinga, alikua mkweli kuliko ripoti zetu.

Hii tabia ya kuimba haikuletwa na walimu wavivu. Wakati UPE, ule mpango wa serikali wa primary ya bure, ilianza 1997 watoto wa primary walikua kama milioni 3, na ndani ya huo mwaka mmoja wakapita milioni 5, vyumba ni vile vile, walimu ni wale wale. Ukiwa na watoto tisini, mia, mia na zaidi chini ya mwembe, kuimba ndio kunashika darasa, ukinyamaza dakika mbili wanaanza kupigana. Mwenzangu alifundisha kule kwenye kambi za wakimbizi upande wa Isingiro, anasema huko P1 moja unaweza kuijaza bas mbili na wabaki wa kusimama, Wakongomani, Wanyarwanda, Warundi, Wanyankole, wote wanakuangalia wewe. Sasa hapo utamsikiliza mtoto mmoja mmoja saa ngapi? Kwa hivo naelewa. Lakini kuelewa kwa nini tunafanya kitu sio sababu ya kuendelea kukifanya mpaka mtoto anafika P5 hajui kusoma jina la shule yake kwenye geti.

Na kumbuka hawa watoto hawaji sawa. Kuna mwenye amepita nasari, baby, middle, top, kalamu anaishika vizuri, anaandika mpaka jina la babake. Jirani yake kwenye benchi hajawahi kushika penseli, ametoka kuchunga mbuzi. Wote ni P1, wote wanaimba "ba be bi", wote wanapigiwa makofi.

Alafu ingia mambo ya lugha, hapa ndio Uganda tunajichanganya kabisa. Tangu 2007 kuna ile kariklamu ya mada, thematic, inayosema P1 mpaka P3 mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao, P4 iwe mwaka wa kuvuka, kutoka P5 ni Kiingereza tupu. Mimi naikubali hiyo mpaka kesho. Mtoto anasoma kwanza lugha ambayo tayari iko masikioni mwake, akitamka neno vibaya sikio lake mwenyewe linamwambia aa, hapana, hakuna kitu kinaitwa hivo. Shida ni kwamba kwenye karatasi eneo lina lugha moja, lakini darasa langu la mpakani lina Kisamia, Kiteso, Kijapadhola, Kiganda cha sokoni, na wengine mama zao wako upande wa Kenya, na wakitoka break wote hao wanachezea kibuyu na kamba kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Busia hiki ambacho mtu wa Zanzibar akikisikia atashika kichwa. Lugha ya kuelewana iko hapo uwanjani, bure, lakini ndani ya darasa haina kiti.

Na mzazi naye ana hesabu zake. PLE, mtihani wa kumaliza primary kule P7, ni Kiingereza. Kwa hivo praiveti iliyo chini ya barabara inaanza Kiingereza baby class, na mzazi ananiuliza, Madam, kwa nini wangu anajifunza lugha ambayo tayari anaijua? Ni swali zuri. Jibu langu huwa hivi: mtoto hajifunzi lugha, anajifunza kusoma, na kusoma mtu anajifunza mara moja tu maishani, ukishajua kwamba hizi alama ni sauti na sauti zikiunganishwa zinatoa neno, hicho kitu unakihamisha kwenye Kiingereza, kwenye Kifaransa, popote. Lakini ukitaka hiyo mara ya kwanza iwe kwa Kiingereza umechagua mlima mrefu kuliko yote. Angalia tu herufi a kwenye "cat", "cake" na "car", sauti tatu. Angalia "one". Nani alituroga na "one"? Kuna utafiti ulifanywa Ulaya ukatoka 2003, walilinganisha watoto wanaoanza kusoma kwa lugha tofauti tofauti, mwisho wa mwaka wa kwanza watoto wa Finland na Italia walikua wanasoma sawasawa zaidi ya maneno 9 kati ya 10, wale wa Kiingereza karibu theluthi moja tu. Na hao ni watoto ambao Kiingereza ndio lugha ya mama yao! Sasa wewe unamchukua mtoto wa Masafu ambaye Kiingereza anakisikia kwa redio, unamwambia aanzie hapo.

Kiswahili, Kisamia, Kiganda, Kinyankole, hizi lugha zetu zimeandikwa kwa huruma. A ni a. Ukiiona leo ni a, ukiiona kesho ni a. Serikali yenyewe mwaka 2022 mwezi wa saba, baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima primary na sekondari, na sisi wa mpakani tukafurahi, ingawa wazee wengi bado wakisikia Kiswahili wanakumbuka wanajeshi wa Amin wakigonga mlango usiku. Sawa. Lakini kwa madarasa ya chini bado nasubiri kuona vitabu na walimu, kwa sasa nakitumia kama daraja tu, kimya kimya, inspekta akija nabadilisha ubao. (Natania. Kidogo.)

Sasa niwaambie ninavyofanya, na mtu mwenye njia bora anisahihishe.

Naanza na masikio kabla ya macho. Wiki za mwanzo P1 sishiki chaki sana. Wakipanga laini ya uji tunacheza: piga makofi jina lako. A-ki-nyi, makofi matatu. O-ku-mu, matatu. Nani mwingine jina lake linaanza na sauti kama ya Mary? Moses! Musa! Alafu tunaenda kwenye mchezo wanaoupenda sana, sema "kalamu", sasa toa "ka". Kimya. Mmoja anasema "lamu!" wanaanguka kwa kicheko kama vile nimefanya uchawi. Sema "embe", toa "e". Sema "kikombe", toa "ki". Haya mambo mtu mzima anayaona ni upuzi lakini mtoto ambaye hajui kwamba neno linaweza kukatwa vipande, ukimwandikia herufi ubaoni hana mahali pa kuziweka, anaona tu michoro. Na haigharimu hata shilingi, haihitaji kitabu, unaweza kuifanya na watoto mia. Siku moja tulibishana darasa zima kuhusu mbu na mbuzi, manake wote ni makofi mawili, m-bu, mbu-zi, na wao walikua wanaona mbuzi ni mnyama mkubwa lazima awe na makofi mengi zaidi.

Alafu herufi, na hapa ndio nagombana na wenzangu. Tusifundishe majina ya herufi kwanza! Mtoto aliyefundishwa "ei, bii, sii, dii" ukimpa "baba" anasoma "bii-ei-bii-ei", alafu anakuangalia. Yeye amefanya kazi yake yote. Ameunganisha alichopewa, na alichopewa hakiungani. Mfundishe sauti. Mmmm. Ssss. Llll. Naanza na irabu zote tano, alafu hizo sauti zinazoweza kuvutwa, manake mmmm ukiivuta unaingia kwenye aaaa bila kukatika, mmmaaa, ma. B na k na t hazivutiki, hizo naziacha zije baadaye. Ukishakua na m, n, l, k na t pamoja na irabu zake, tayari una mama, mimi, kuku, kaka, lala, kula, nuka, mate, lima, mtoto. Unaweza kuandika hadithi! "Kuku analala. Mama analima." Ndogo lakini ni hadithi na mtoto ameisoma mwenyewe.

Ile chati ya silabi, ma me mi mo mu, ni kitu kizuri sana kwa lugha zetu, sitaki mtu aichome. Lakini ukiisoma kila siku kutoka kushoto kwenda kulia inageuka kuwa wimbo mwingine. Mimi naikata. Kweli, nachukua mkasi naikata, kila silabi inakua kadi, nyingi naziandika kwenye maboksi ya sabuni kwa sababu karatasi ya manila ni pesa. Herufi moja moja naziandika ndani ya vifuniko vya soda kwa maka peni, watoto wanakusanya vifuniko wenyewe kwenye mabaa, Jumatatu asubuhi ndio mavuno makubwa. Sasa nachanganya: ko, mi, la, tu. Hakuna wimbo hapo, lazima uangalie. Wanaunganisha maneno chini kwenye sakafu, wanaunganisha hata matusi, hilo nalo ni kusoma, namkemea huku moyoni nimefurahi.

Kuna vitu vinasumbua. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, hapo hata watu wazima kwenye fesibuku wanaanguka, mtoto nampa muda. Kuna watoto wa nyumba za Kiganda, kwao r inakuja baada ya e na i tu, kwa hivo "barua" anaisoma "balua", h nayo inapotea, "habari" inakua "abali". Wengine wanachapwa kwa hiyo. Mimi nauliza tu, balua ni nini? Akisema ni ile karatasi mtu anakuandikia, basi huyo amesoma, matamshi tutayarekebisha pole pole mbele ya safari. Na kuna mwingine anatamka vizuri kabisa kama mtangazaji wa redio, ukimuuliza umesoma nini hajui. Huyo wa pili ndio ananinyima usingizi.

Sasa turudi kwa lile swali gumu, watoto mia unawasikiliza aje mmoja mmoja? Siwezi kila siku. Lakini wachache kila siku naweza, wakati wengine wanaandika ama wako wawili wawili na kadi zao, na wakati wa uji, na dakika za mwisho kabla ya kengele. Nina daftari la jina la kila mtoto na alama rahisi: huyu yuko kwenye sauti, huyu silabi, huyu neno, huyu sentensi, huyu hadithi. Hiyo ngazi sikuitunga. Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba Uganda, Kenya na Tanzania kupima watoto, wanafanya karibu hivo, mtoto mmoja mbele yako na karatasi, herufi, neno, kisha hadithi ya kiwango cha P2, na wao waliiga kutoka kwa Pratham, shirika la India lililoanza kupima hivo 2005. Na kila wakipima wanakuta watoto wa madarasa ya juu ambao hiyo hadithi ya P2 inawashinda. Watu wanashtuka kila mara. Sisi tulio ndani hatushtuki, tunajua ni nani hao, ni wale wa karibu na mlango.

Nikishajua kila mtu yuko ngazi gani, nawakalisha kwa ngazi na sio kwa urefu wala kwa nani alifika mapema. Hapo tu, kabla hata ya kubadilisha kitu kingine, nusu ya shida inapungua, manake yule wa sauti hasumbuliwi tena na hadithi, na yule wa hadithi hachoki kuimba ma me mi. Baada ya Covid hii ilinisaidia sana. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguka kikamilifu Januari 2022, wakaja watoto wakubwa, sauti zimeshaanza kuvunjika, hawajui silabi. Ungewaweka na nani?

Nisiongee kama mimi ndio wa kwanza. Kule Lango, kaskazini ya Uganda, kuna watu wanaitwa Mango Tree walifanya kazi ya kufundisha kusoma kwa Kilango, lugha ya huko, P1 mpaka P3, sauti pole pole, sleti, saa ya ukutani ili mwalimu ajue muda wake, mafunzo na kumtembelea mwalimu darasani, na watafiti walipopima watoto walikua wamepanda sana kusoma na kuandika. Kitu cha kuvutia zaidi kwangu ni kwamba walipima pia toleo la bei rahisi la mradi huo huo, limepunguzwa vitu, na huko watoto walijua majina ya herufi vizuri, lakini kuandika walikua nyuma hata ya wale ambao hawakupata mradi wowote. Yaani ungepima majina ya herufi tu ungesema mradi rahisi umefaulu, ungepiga picha, ungekata utepe. Ni ile ile kelele ya dirishani, safari hii imevaa suti.

Hedi mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alikua akipita kwangu akikuta kimya, watoto wameinama kwenye vifuniko vyao, ananiita ofisini: Madam, mbona darasa lako halisomi? Nikamwambia aje achague mtoto yeyote. Akachagua, bahati mbaya akachagua wa sauti, mtoto akasoma "m... m..." mpaka hedi akachoka akaondoka. Lakini wiki hiyo hiyo niliomba tufanye hivo na P4 pia, kidole katikati ya sentensi, na yeye mwenyewe ndio alishika kidole. Hatukuongea sana baada ya hapo. Vitabu vya hadithi vilivyokua vimefungiwa kwenye kabati la ofisi, eti visichafuke, vilitoka.

Hiyo ya kabati inanikera kuliko zote, kitabu kikae kipya miaka mitatu na panya ndio wasomaji. Kichafuke! Kitabu cha P1 kisichokua na alama za vidole vya uji hakijasomwa.

Kwa wazazi, najua wengi mnaniambia, Madam, mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje. Huhitaji kusoma. Mwambie akusomee wewe. Tembeeni barabarani akusomee duka, akusomee gunia la simenti, akusomee nyuma ya boda. Hapa kwetu ukuta unaosomwa na kila mtoto wa P2 ni ule wa karibu na stendi, "USIKOJOE HAPA", wanausoma kwa furaha kubwa, silabi kwa silabi, mbele ya mwanaume aliyesimama hapo anakojoa.

Na kama una wa P2 ama P3 na unataka kujua leo, chukua karatasi usichore picha yoyote, andika: "Kuku wa kaka amelala. Mama anataka kula ndizi. Mbuzi amekula kamba." Usimsomee kwanza. Muonyeshe neno la katikati, muonyeshe la mwisho, alafu muulize nani amekula nini. Akiweza yote, mtafutie hadithi ndefu. Akikwama usimchape na usikimbilie kumhamisha shule, ona amekwama wapi, ni sauti, ni silabi, ama anasoma bila kuelewa, uje uniambie hapo tu, au umwambie mwalimu wake, manake "mtoto wangu hajui kusoma" hainisaidii kitu lakini "anasoma ka na ma, nd ndio inamshinda" hiyo naanza nayo kesho asubuhi.